Naivasha au Arusha: ni meza ipi ya kuigwa tukitaka kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe?

Wanafunzi wanne walibisha hodi kwangu Jumapili alasiri, watatu kutoka Sudan Kusini na mmoja mzaliwa wa Omdurman, Sudan. Wanasoma hapa Nakuru, na wenzao walikuwa wamewapa kazi ya kuandika waraka: viongozi wa kwao wakiketi tena kuzungumza, mazungumzo yapangweje? Rasimu yao ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na sentensi ya kwanza ilishamaliza kila kitu: "Tunataka mazungumzo ya mtindo wa Naivasha."

"Kwa nini Naivasha?" nikauliza.

"Mwalimu, si ndiyo iliyomaliza vita vya miaka ishirini na miwili?" akasema mkubwa wao. "Na tena ni kwenu."

Ni kwetu kweli. Naivasha imo ndani ya Kaunti ya Nakuru, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu malori yakikupisha, na hata mji wetu wenyewe una nafasi yake katika kisa hicho, nitaifikia. Lakini cha nyumbani hupendwa kabla hakijapimwa. Nikawaambia wauweke ubavuni mkataba mwingine wa jirani, ule wa Arusha uliotafutia Burundi amani, kisha ndipo wachague. Tulimaliza birika mbili za chai.

Kwa aliyesahau: mkataba wa Naivasha ulitiwa saini Nairobi, katika Uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005, ukakomesha vita kati ya serikali ya Sudan mjini Khartoum na waasi wa kusini vilivyoanza 1983 na vinavyokadiriwa kuua watu milioni mbili. Ule wa Arusha ulitiwa saini 28 Agosti 2000. Vita vya Burundi vilikuwa vimewashwa na mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, na makadirio ya waliokufa hufika 300,000.

Viti vingapi

Naivasha ilikuwa na viti viwili. Kimoja cha serikali ya Omar al-Bashir, cha pili cha SPLM/A, chama na jeshi la waasi wa kusini, la John Garang. Msuluhishi alikuwa Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyewahi kuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu la Kenya, akifanya kazi kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili, na nyuma yake wakisukuma Marekani, Uingereza na Norway. Vyama vingine vya kaskazini, watu wa mashariki mwa Sudan, wanamgambo wa kusini waliokuwa wakipigana bega kwa bega na Khartoum, wote walibaki nje ya mlango.

Faida ya viti viwili ni kwamba aliyekikalia anaweza kuamua. Hapa ndipo Nakuru inapoingia, na nashangaa ni wangapi mjini humu hawajui. Julai 2003 wasuluhishi walizileta pande zote mbili hapa kwetu na kuzitandazia rasimu nzima ya mambo yaliyobaki, ikaitwa Rasimu ya Nakuru. Khartoum iliikataa katakata, ikidai imewapendelea watu wa kusini. Ilionekana kama kila kitu kimeharibika. Kilichoyanusuru mazungumzo ni kuacha kutuma wajumbe na kuwaleta wenyewe wenye kauli: Septemba mwaka huohuo Garang na Ali Osman Taha, makamu wa kwanza wa rais, wakaketi wawili hotelini kando ya Ziwa Naivasha. Kufikia tarehe 25 mpango wa usalama ulikuwa umetiwa saini, ndilo fundo lililokuwa gumu kuliko yote.

Arusha ilikuwa soko. Pande 19: vyama 17, serikali, na Bunge. Mwalimu Nyerere aliyaendesha mazungumzo hayo kuanzia Juni 1998 mpaka kifo chake Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela akayapokea. Kulikuwa na kamati tano, kila moja na eneo lake, na vyama vingine ni vya kutia shaka: wanachama wake wote wangeenea kwenye matatu moja na nafasi ya kondakta ibaki. Kila mmoja alitaka kusikika kuanzia enzi za Wabelgiji. Wafadhili walilalamika, hoteli zikapata riziki.

Ila katika wingi huo wote, makundi mawili yenye bunduki za kweli msituni, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwamo. Ndiyo ajabu ya meza hizi mbili. Naivasha iliwaita wenye bunduki ikawaacha wenye hoja. Arusha iliwaita wenye hoja ikawakosa wenye bunduki.

Tena hata Naivasha haikuwaita wenye bunduki wote. Wale wanamgambo wa kusini walioachwa nje iliwabidi watafutiwe mkataba wao pembeni, Azimio la Juba la Januari 2006, ambalo kwa ufupi lilisema: ingieni jeshini, mtapata vyeo na mishahara. Jeshi la kusini likavimba. Lilipopasuka Desemba 2013, lilipasuka penye mishono hiyohiyo. Na Darfur? Vita vyake viliwaka Februari 2003, mazungumzo ya kusini yakiwa yanaendelea huku Kenya. Kijana wa Omdurman alisema jambo hapo ambalo sikuwa nalo la kuongeza: watu wa Darfur walitazama na kujifunza kwamba asiyeshika bunduki hapewi kiti.

Kipi kitangulie, kimya cha bunduki au siasa

Kwa hili Naivasha iko mbele, na sioni haja ya kuzunguka. Oktoba 2002, miezi mitatu tu baada ya Itifaki ya Machakos kukubali kusini iwe na haki ya kujiamulia, pande zote zilikubaliana kusimamisha uhasama wakati wa mazungumzo. Ulivunjwa hapa na pale, ila kwa sehemu kubwa ulishika. Mama wa Bor, kule kusini, hakungoja 2005 ndipo alale usiku.

Arusha ilitia saini amani huku mizinga ikilia. Serikali ya mpito ilianza 1 Novemba 2001, Pierre Buyoya wa jamii ya Watutsi akiongoza miezi 18, kisha Domitien Ndayizeye wa Wahutu akipokea kijiti Aprili 2003 kwa miezi 18 mingine. Muda huo wote watu waliendelea kufa. CNDD-FDD walifikia makubaliano kamili Novemba 2003, FNL wakavuta miguu hadi kuelekea 2009. Ukihesabu makaburi ya miaka ile, huwezi kusema "Arusha ilikuwa bora" ukiwa umeinua uso.

Lakini tazama walichokikuta CNDD-FDD walipotoka msituni: nyumba imeshapigwa msingi. Kanuni za kugawana nchi zilikuwa zimeandikwa na watu waliobishana miaka miwili. Hawakuja kuandika upya, walikuja kutafuta chumba chao ndani yake. Aliyechelewa kufika Naivasha hakukuta nyumba, alikuta hati ya watu wawili.

Mlango wa nyuma

Hapa ndipo nilipowabana wanafunzi wangu, kwa sababu ndipo tofauti ilipo hasa.

Mkataba wa Naivasha ulikuwa na mlango wa nyuma. Baada ya miaka sita ya mpito, watu wa kusini wangepiga kura: kubaki au kuondoka. Kwenye karatasi pande zote ziliahidi kufanya umoja uwe wa kuvutia. Lakini mtu anayejua atahama mwaka wa sita hapaki rangi nyumba ya kupanga. Na mwenye nyumba anayejua mpangaji anahama hazibi paa linalovuja. Garang mwenyewe, ambaye huenda ndiye pekee pale aliyekuwa na ndoto ya Sudan moja mpya, alikufa katika ajali ya helikopta 30 Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais. Januari 2011 kura ikapigwa: asilimia 98.83 wakasema twende.

Simlaumu aliyepiga kura hiyo; ningekuwa mimi ningeipiga pia. Ninachosema ni kwamba mlango ule ndio ulioleta saini. Kila mgogoro mgumu uliweza kuwekwa kiporo kwa sababu mwisho wa safari unaonekana. Ukimuuliza mtu atie saini mkataba "wa mtindo wa Naivasha" bila ule mlango, umemwondolea sababu iliyomfanya atie.

Na wale waliobaki upande wa pili wa mlango? Abyei, eneo la mpakani, iliahidiwa kura yake yenyewe. Mpaka leo haijafanyika kwa makubaliano ya Khartoum na Juba. Milima ya Nuba na Blue Nile, ambako watu walipigana miaka mingi upande wa SPLA, walipewa kitu kilichoitwa ushauriano wa wananchi. Juni 2011 vita vikarudi Kordofan Kusini, kwenye milima hiyo ya Nuba, Septemba vikafika Blue Nile. Wapiganaji walewale, milima ileile.

Warundi hawakuwa na mlango wa nyuma. Mhutu na Mtutsi wanaishi kilima kimoja, wanazungumza Kirundi kimoja, wanachota kisima kimoja. Hakuna mahali pa kuchora mstari. Ndiyo maana Arusha ilichosha: ilibidi wakubaliane hata juu ya chanzo cha ugomvi. Itifaki yake ya kwanza kabisa ni hiyo, asili ya mgogoro wa Burundi, historia yake ikiwemo. Naivasha haikuandika historia pamoja. Haikuhitaji, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anakwenda na yake.

Mgao

Wakenya tunalijua jambo hili kwa jina la nusu mkate, tangu serikali ya mseto ya 2008. Naivasha iliukata mkate kwa kisu cha mpishi: NCP, chama cha al-Bashir, asilimia 52, SPLM 28, wengine wa kaskazini 14, wengine wa kusini 6. Mafuta ya kusini: asilimia 2 kwa majimbo yanakochimbwa, kinachobaki nusu kwa nusu kati ya Khartoum na Juba. Kama hesabu, ni safi. Kasoro yake ni kwamba waliogawiwa ni vyama. Mwananchi wa Malakal, kusini, hakuwa na asilimia yake.

Arusha iligawa kwa jamii. Jeshini, hakuna jamii itakayozidi nusu. Katika Seneti, nusu kwa nusu. Halafu katiba ya 2005 ikaweka 60 kwa 40 bungeni na serikalini, ikatenga viti kwa Watwa, na asilimia 30 kwa wanawake, jambo ambalo wanawake walilidai Arusha na wakanyimwa. Kuna wanaosema kuandika ukabila ndani ya katiba ni kuupalilia. Nilifikiri hivyo pia. Lakini Burundi ilitokea jambo la ajabu: Mtutsi alihitajika katika chama cha Wahutu ili orodha ya wagombea ikubalike, na kinyume chake, na ugomvi wa siasa ukaanza kuwa kati ya vyama na si kati ya makabila. Lilipotokea jaribio la mapinduzi Mei 2015, hata aliyeliongoza alikuwa afisa aliyetoka CNDD-FDD, waasi wa zamani ambao sasa walikuwa chama cha rais mwenyewe. Jeshi lilitikisika ila halikugawanyika Wahutu huku, Watutsi kule.

Nisiipambe Burundi. 2015 ile Rais Pierre Nkurunziza aling'ang'ania muhula wa tatu wakati Arusha ilisema miwili basi, wapinzani wakapigwa risasi, watu laki kadhaa wakakimbilia Tanzania na kwingineko. Mkataba haukumzuia. Uliobaki hai ni ule mgao. Ule ukomo wa madaraka ulivunjwa mchana kweupe, na waliousimamia wakakohoa tu.

Ardhi

Burundi haikuwa na mafuta ya kugombea, ilikuwa na mashamba. Mkimbizi aliyekimbia mauaji ya 1972 anarudi anakuta shamba lake lina mtu aliyezaliwa hapo. Arusha iliweka jambo hilo ndani ya itifaki yake ya nne pamoja na tume ya kulishughulikia. Kazi hiyo haijawahi kuwa tamu wala kwisha.

Nililitia mkazo hili kwa sababu naishi Nakuru. Sisi tulioona ghasia za Molo na Kuresoi 1992, 1997 na 2008 hatuhitaji kuambiwa kwamba viongozi wanaweza kushikana mikono Nairobi huku mtu na jirani yake bado wanatazamana juu ya ua. Mkataba wa amani wa kaunti hii ambao wazee wa Agikuyu na wa Kalenjin waliutia saini 2012 ulichukua vikao na vikao, watu wakisema yaliyowauma na kusikilizwa. Ulifanana na Arusha zaidi ya Naivasha, ijapokuwa Naivasha ndiyo iliyo karibu. Naivasha ya Sudan ilisema kuhusu ardhi kwamba kutaundwa tume. Suala la mwenye ardhi yenye mafuta chini yake likaachwa kiporo, na kiporo hicho walikilamba wengine.

Nani amesimama nyuma

Hapa nitapita haraka. Zote mbili zilisukumwa kutoka nje. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi Novemba 2004 kuhakikisha mkataba wa Sudan unafungwa kabla ya mwaka kwisha, na ukafungwa 31 Desemba. Burundi ilisukumwa zaidi na majirani: walioiwekea vikwazo baada ya mapinduzi ya Buyoya ya 1996 ni nchi za eneo hili. Baadaye Afrika Kusini ilipeleka askari wapatao 700 kuwalinda wanasiasa waliorejea kutoka uhamishoni. Jambo dogo hilo, lakini ndilo lililowafanya warudi. Kama ningeambiwa nichague kati ya balozi mwenye hotuba na mlinzi mlangoni, namchukua mlinzi.

Basi uchague ipi?

Kama pande zinazopigana ni mbili kweli, kila moja inawatawala askari wake, na moja inataka kuondoka na sehemu inayojulikana mpaka wake, chukua Naivasha. Hali kama hiyo ni adimu. Wanaoiga Naivasha mara nyingi huona viti viwili na kusahau ramani iliyokuwa chini ya meza.

Kama watu watabaki kilima kimoja vita vikiisha, chukua Arusha, uvumilie gharama na kelele zake. Usirudie kosa lake la kuwaacha wenye bunduki msituni kwa miaka mitatu.

Sudan Kusini imekuwa ikipewa Naivasha ndogondogo. Mkataba wa 2015, na ule uliohuishwa Septemba 2018, zote ziliwazunguka Rais Salva Kiir na hasimu wake Riek Machar. Wa pili ukapanua kwa kuongeza vyeo, makamu wa rais watano na mawaziri 35, ishirini wa Kiir, tisa wa Machar, waliobaki wa wengine. Machi 2025 Machar akazuiliwa nyumbani kwake. Mkataba unaosimama juu ya watu wawili huanguka mmoja akifungiwa mlango. Kwa nchi hii ningechagua Arusha bila kusita: jamii zote, kamati, ardhi, historia, hata kama itachukua miaka miwili.

Sudan ni ngumu zaidi. Tangu 15 Aprili 2023 wanapigana majenerali wawili, Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi la taifa na Mohamed Hamdan Dagalo anayeitwa Hemedti, wa kikosi cha RSF, na kwa kuwa ni wawili, kila msuluhishi anaona Naivasha. Jeddah, Saudi Arabia, walianza hivyo, Mei 2023, kwa tamko la kulinda raia ambalo halikulinda mtu. Tofauti ni kwamba Garang alikuwa na mahali pa kwenda. Hawa wawili wanagombea nyumba ileile moja. Kwao ningepanga meza mbili kwa wakati mmoja: ya majenerali, na ajenda yake iwe kunyamazisha bunduki na kupitisha chakula, basi, na nyingine ya raia, yenye Darfur, Nuba, mashariki, wanawake na kamati za mitaa, ambayo ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuzungumzia nani atatawala. Majenerali wasigawe mkate.

Kijana wa Omdurman aliuliza: na kama majenerali watakataa meza isiyo na mkate, wataijia nini?

Hilo ni swali la haki, na Arusha ina jibu nusu. Buyoya alikuja kwa sababu mipaka ilifungwa na majirani, mafuta ya petroli yakaadimika Bujumbura. Hemedti na Burhan bado wana wanaowauzia. Waraka unaoongelea viti bila kuongelea anayeleta silaha una tundu, nikawaambia, nao wakaliandika kwa kalamu nyekundu pembeni.

Sentensi ya kwanza waliifuta. Walipoondoka kupanda matatu za Free Area walikuwa bado wanabishana, watatu kwa mmoja, kuhusu nani akae kiti cha tatu na kama wazee wa koo waje kabla au baada ya wanawake wa soko.